Waya Unaopita Makambako

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Wiki hii naomba twende wote hadi Makambako. Mtu akisimama njia panda ya mji ule alfajiri, baridi ya Nyanda za Juu Kusini ikiuma masikio, ataona karibu kila kitu cha nchi hii kikipita mbele yake. Malori yaendayo Tunduma na yale yatokayo huko yamejipanga kando ya barabara, madereva wanakunywa chai ya tangawizi kwa mama lishe. Reli ya TAZARA, baada ya kupanda milima kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki mengi, inakutana hapa na barabara kuu. Nguzo ndefu za umeme wa gridi nazo zinapita. Upande wa kushoto, kwa mtu atokaye Dar es Salaam, inakata njia ya kwenda Songea, na kilomita kama 60 mbele yake kuna mji wa Njombe.

Kuna kitu kingine kinachopita hapo, ambacho hakipigi honi wala hakitoi moshi. Ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaobeba mwanga. Ndani ya mwanga huo zinapita simu, fedha, barua na picha za watu ambao wengi wao hawajui Makambako iko wapi. Huo ndio Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao unatokea baharini Dar es Salaam na kwenda hadi mipakani, ili Zambia na Malawi, ndugu zetu wasio na bahari, wapate nao kuunganishwa na dunia.

Swali langu leo ni jepesi kuliuliza na gumu kulijibu. Hiki kinachopita kinamwachia nini mwenyeji? Nikisema mwenyeji sina maana ya mwananchi mwenye simu mkononi peke yake. Nina maana pia ya kiwanda cha chai, kiwanda cha mbao, benki, hospitali, ghala la nafaka na chuo. Hawa ndio wateja wakubwa wa mawasiliano. Wakipata huduma nzuri, mkoa mzima unaweza kufaidika. Vilevile wanaweza kuipata huduma hiyo peke yao, wakafunga mlango, na jirani akabaki gizani. Yote mawili yamekwisha kutokea katika nchi hii, na ndiyo maana nataka tuitazame historia.

Tuanze mbali kidogo, pwani. Mwaka 1879, enzi za Sultani Barghash, kampuni ya Kiingereza ilitandaza waya wa simu ya maandishi chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha ukaendelea hadi Msumbiji na Durban. Kazi hiyo haikufanywa kwa kuihurumia Zanzibar. Mwezi Januari mwaka huo vita vya Waingereza na Wazulu vilikuwa vimeanza huko Afrika Kusini, na habari za vita zilikuwa zikichukua majuma kufika London. Ndipo waya ukaharakishwa. Zanzibar ilikuwa kituo cha njiani. Hata hivyo, kwa kuwa waya ulitua pale, balozi wa Kiingereza na wafanyabiashara wakubwa wenye uwezo wa kulipia kila neno walianza kupata habari za soko la mbali kwa siku chache badala ya miezi. Mkulima wa karafuu huko shambani alibaki akisubiri kuambiwa bei na yule aliyekwisha kuijua.

Hapo ndugu wasikilizaji tunaona jambo la kwanza. Waya ukifika kwa tajiri peke yake, haumwachi maskini pale alipokuwa. Unamrudisha nyuma, kwa sababu sasa anafanya biashara na mtu anayejua asichokijua yeye.

Mwaka 1890 waya ulivuka kutoka Zanzibar kwenda Bagamoyo na Dar es Salaam, wakati Wajerumani wakijiweka sawa kututawala. Halafu akaja Cecil Rhodes na ndoto yake ya kuivuta simu kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Misri. Waya wake ulipanda kupitia Nyasaland, lakini mbele yake kulikuwa na koloni la Mjerumani. Machi 1899 Rhodes alisafiri hadi Berlin kuzungumza na Kaiser Wilhelm wa Pili, akapewa ruhusa ya kupita. Lakini Wajerumani hawakuitoa ruhusa hiyo bure. Walidai kwamba katika nguzo zile zile za Rhodes uwekwe waya mwingine, wa kutumiwa na serikali ya koloni lao. Kwa maneno mengine walisema: ukitaka kupita kwetu pita, lakini na sisi utuachie kitu.

Waya wa Rhodes haukufika Misri kamwe. Ulifika hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, hamu na fedha vikaisha. Mimi siusifu ukoloni, wa Rhodes wala wa Kaiser. Wote wawili walikuwa wakigawana nyumba ambayo mwenyewe hakuulizwa. Ila sharti lile la nguzo moja na nyaya mbili ni sharti la mtu anayejua thamani ya kupitiwa. Mkoloni alilijua. Je, sisi tuliokuja kujitawala tumelijua kila mara?

Sasa turudi Njombe. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha Kampuni ya Tanganyika Wattle, ile ambayo watu wa kule wanaiita TANWAT. Ilipanda miwati kwa ajili ya magome, ambayo hutoa dawa ya kulainisha ngozi viwandani. Baadaye chai nayo ikashamiri katika milima ile, Kibena, Luponde na Lupembe. Mashamba makubwa ya namna hii, popote yalipokuwa katika Afrika Mashariki, yalikuwa kama vijiji vyenye serikali yake: maji yake, zahanati yake, karakana yake, na mara nyingi simu yake ya upepo ya kuitana na ofisi kuu. Meneja alizungumza na Dar es Salaam. Kibarua aliyefiwa na mzazi wake kijijini alipata habari baada ya mazishi.

Baada ya Uhuru zikaja kazi kubwa za taifa. Bomba la mafuta la TAZAMA likajengwa kupitia nyanda hizi kwenda Ndola. TAZARA ikaanza kujengwa mwaka 1970, na Julai 1976 reli yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia. Reli haiwezi kuendeshwa bila mawasiliano, maana mkuu wa stesheni lazima ajue treni iko wapi kabla ya kuruhusu nyingine. Kwa hiyo reli ilikuja na nguzo zake na simu zake. Kila mkubwa aliyepita alikuja na waya wake, akautumia mwenyewe.

Simu ya wananchi wote ilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Kwa mazungumzo ya nchi za nje tulitegemea kituo cha satelaiti kilichofunguliwa mwaka 1970 Longonot, nchini Kenya. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, tukajikuta tunajenga upya mambo ambayo tulidhani tunayo. Ndipo likaundwa Shirika la Posta na Simu Tanzania, na baadaye Dar es Salaam ikawa na kituo chake cha satelaiti pale Mwenge. Hilo ni jambo la pili la kukumbuka. Njia moja, hata iwe nzuri namna gani, inaweza kufungwa siku ambayo hukuitegemea.

Wale wa umri wangu wanaikumbuka simu ya miaka ile. Unafika posta asubuhi, unaandika namba kwenye karatasi, unalipa, unakaa kwenye benchi. Opereta anaita Iringa, Iringa inaita Dar es Salaam, Dar es Salaam haipokei. Saa nane mchana unaitwa kibandani, unapiga kelele mpaka watu wote ofisini wanajua kwamba shangazi amelazwa, kisha laini inakatika. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi yetu haikuwa na laini moja ya simu kwa kila watu mia. Aliyeomba simu ya nyumbani alisubiri miaka.

Hapo ndipo mageuzi yakaja. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 iligawa Shirika la Posta na Simu. Posta ikaenda kwake, na kuanzia Januari 1994 simu ikawa ya Kampuni ya Simu Tanzania, TTCL. Ikaundwa Tume ya Mawasiliano kusimamia soko, na mwaka huo huo wa 1994 simu za mkononi zikaanza Dar es Salaam. Zilikuwa za wenye nacho. Mtu mwenye simu ile aliishikilia mbele ya watu kama anayeonyesha hati ya nyumba.

Na wateja wakubwa walifanya nini? Walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye haraka angefanya. Mabenki, migodi, balozi na makampuni makubwa hawakungoja foleni. Walipanda juu ya mapaa yao wakaweka sahani za satelaiti. Ukipita katikati ya jiji miaka ile uliziona, nyeupe, zimeelekea angani kama mabakuli yanayoomba mvua. Bei yake ilikuwa kubwa mno, na sauti au habari ilisafiri maelfu ya kilomita kwenda juu na kurudi, lakini ilikuwa yao na ilifanya kazi.

Siwalaumu. Mfanyakazi akidai mshahara mwisho wa mwezi hamwambii mwajiri wake kwamba ataelewa simu ikiharibika. Lakini tutazame matokeo yake. Kampuni ya taifa ya simu ilibaki na kazi ya kuvuta waya kwa wateja wadogo waliotawanyika, huku wale wenye fedha nyingi wamejitoa. Ni kama daladala ambayo abiria wa nauli kamili wote wamenunua pikipiki, na yeye kondakta kabaki na wanafunzi. Mwaka 2001 asilimia 35 ya TTCL iliuzwa kwa wawekezaji wa nje kwa matumaini makubwa. Mwaka 2016 serikali ilizirudisha hisa hizo, na mwaka 2018 TTCL ikawa shirika la umma. Tulikuwa tumezunguka, tukarudi karibu na pale tulipoanzia, isipokuwa sasa nchi ilikuwa imejaa simu za mkononi.

Katikati ya mzunguko huo kilitokea kitu kikubwa. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Kutoka ule waya wa 1879 hadi huu wa 2009 ni miaka 130 kamili. Mwaka huo huo wa 2009 serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa kwa mkopo kutoka China, ukijengwa na Wachina, kama TAZARA. Sehemu ya nyuzi zake zilikuwa tayari zimefungwa juu ya nguzo za TANESCO. Awamu za mwanzo zilitandaza kilomita 7,560, zikafika mikoani na mipakani.

Basi Makambako ikapitiwa tena. Barabara kuu, reli, umeme na sasa mwanga.

Lakini kupita si kufika. Watu wa Songea wanalijua hilo kuliko mimi. Umeme wa gridi ulipita Makambako kwenda Mbeya tangu miaka ya 1980. Songea, iliyoko kusini tu ya njia panda ile, iliendelea kunguruma kwa majenereta ya dizeli kwa zaidi ya miaka thelathini. Njia ya umeme wa msongo mkubwa kutoka Makambako hadi Songea ilizinduliwa mwaka 2019. Kwa miaka yote hiyo umeme ulikuwa karibu, lakini wao hawakuwa nao.

Mawasiliano ya kasi yanaweza kurudia hadithi hiyo hiyo. Kutoka mkongo mkuu hadi ofisi ya kiwanda kilicho ndani ya shamba kuna kipande cha mwisho. Kipande hicho ndicho ghali kuliko vyote kikipimwa kwa mteja, kwa sababu gharama ya kuchimba mtaro kilomita 30 ni ile ile, uwe na mteja mmoja au elfu moja. Kampuni inayouza huduma inapiga hesabu, inaona mteja mmoja, inataja bei ya kutisha. Kiwanda kinakataa, au kinakubali na kujifungia.

Kuna atakayeniambia: Bwana, mambo hayo yamepitwa, siku hizi kila mtu ana intaneti kwenye simu. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Tangu mwaka 2008 fedha zinatumwa kwa simu, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umetoa ruzuku ili minara ifike vijijini ambako biashara peke yake isingefika. Lakini mnara nao una kiu. Kila unachopakua kutoka mnarani lazima kwanza kifike mnarani, kwa uzi wa kioo au kwa mawimbi kutoka mnara mwingine. Watu wakiongezeka jioni, wanagawana kile kile. Kijana akichelewa kuona mpira, atakasirika tu. Hospitali ikichelewa kutuma picha ya eksirei kwa daktari bingwa, au kiwanda kikichelewa kutuma hati za kontena, ni jambo jingine.

Tuchukue chai. Kwa miaka mingi chai yetu nyingi ya mnada iliuzwa Mombasa, ambako wanunuzi walikaa ukumbini na nyundo ikagongwa. Mwaka 2020 korona ilipozuia mikusanyiko, mnada ule ukahamia kwenye kompyuta. Novemba 2023 tulizindua mnada wetu wenyewe Dar es Salaam, kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, nao unaendeshwa kwa mtandao. Kwa hiyo jani lililochumwa Lupembe asubuhi na mama mwenye kikapu mgongoni litakuja kupata bei yake ndani ya mashine. Mwenye kiwanda anayeiona bei ile ile saa ile ile kama mnunuzi aliyeko ng'ambo anauza kwa kujua. Asiyeiona anauza kama yule mkulima wa karafuu wa 1879.

Na si chai peke yake. Tangu mwaka 2017 malipo ya serikali yanapita katika mfumo wa kielektroniki, na kila mwananchi sasa anajua neno "kontro namba". Lori la mbao haliondoki bila ushuru kulipwa, ushuru haulipwi bila kontro namba, na kontro namba haitoki bila mtandao. Parachichi nazo, ambazo zimewapa watu wa Njombe fedha mpya, hazisubiri. Zimechumwa, zinaiva.

Sasa nikukumbusheni Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini, baharini karibu na Afrika Kusini. Nchi kadhaa za Afrika Mashariki ziliathirika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Watu walihangaika kwa siku kadhaa huku huduma zikirudi kidogo kidogo kwa kupitishwa njia nyingine. Wengi wetu tulikuwa tumeamini kwamba tuna nyaya mbili. Kumbe mahali pale nyaya mbili zilipita karibu karibu, na kilichotokea kiligusa zote mbili. Nyaya mbili katika njia moja ni waya mmoja.

Tukirudi Makambako, tazameni tena ile njia panda. Kila kitu kimefuata ushoroba mmoja. Mvua kubwa ikimomonyoa mlima, au tingatinga la mkandarasi wa barabara likichimba bila kuuliza, kinachokatika ni riziki ya watu wengi mara moja. Kwa hiyo mteja mkubwa anaponunua huduma na kuambiwa kwamba ana "njia ya akiba", asiridhike. Aulize: hiyo njia ya pili inapita wapi? Kama inapita kando ya barabara ile ile, basi ameuziwa kamba mbili zilizofungwa kwenye mti mmoja.

Ndugu wasikilizaji, sitaki niishie kulalamika, maana Njombe yenyewe ina mfano mzuri wa kutufundisha. Ile ile TANWAT, katika miaka ya 1990, ilijenga mtambo wa umeme unaochoma kuni na mabaki ya miti yake. Mtambo ulikuwa wa megawati 2.5. Kampuni ilihitaji umeme kwa kiwanda chake, na ingeweza kujifungia nao. Badala yake umeme wa ziada ukauzwa kwa TANESCO. Mkubwa alitatua shida yake, na jirani akapata kitu. Hakuna aliyetoa sadaka. Ilikuwa biashara, ila ni biashara iliyofungua mlango.

Hivyo ndivyo mawasiliano yanavyopaswa kuwa. Mimi naona mambo matatu.

La kwanza, wateja wakubwa wa mkoa wakae meza moja. Viwanda vya chai, wapasua mbao, mabenki, hospitali, vyuo, wasafirishaji wa parachichi, ghala la taifa la chakula lililopo Makambako, na halmashauri zenyewe. Kila mmoja akienda peke yake kuomba bei, ni mteja mmoja mwishoni mwa mtaro mrefu. Wakienda pamoja, ni soko. Na katika mkataba wao liwemo lile sharti la nguzo moja: uzi utakaovutwa kwenda kiwandani uache matawi katika shule, zahanati na ofisi ya ushirika ya kila kijiji unachopita, kwa bei wanayoiweza.

La pili, mtaro uchimbwe mara moja. Barabara ikijengwa, bomba tupu la kupitishia nyuzi lilazwe siku hiyo hiyo, hata kama mtumiaji hajapatikana. Bomba tupu ni rahisi. Kurudi baada ya miaka mitatu kuvunja lami mpya ndiko ghali, na wote tumeshuhudia lami ikivunjwa kabla haijakauka vizuri.

La tatu, ahadi zihesabiwe kwa saa. Muuzaji aseme kwa mwaka mzima huduma inaweza kukatika saa ngapi, na ikizidi hapo analipa nini. Wateja wakubwa wana wanasheria na wanaweza kuandikiwa hayo. Mteja mdogo hana. Ndiyo maana msimamizi wa taifa, ambaye tangu mwaka 2003 ni TCRA, ana kazi ya kuhakikisha kwamba kinachoahidiwa kwa benki mjini kina kivuli chake kwa duka la kijijini.

Atakayepinga atasema serikali ina mambo mengi, na makampuni si ya hisani. Nakubali yote mawili. Lakini mkopo uliojenga Mkongo wa Taifa ni deni la wananchi wote. Unalipwa pia na yule kibarua wa shambani, kila anaponunua sabuni na sukari. Mtu aliyechangia harusi hawezi kuambiwa asimame nje ya uzio asikilize muziki.

Mkoa wa Njombe ulizaliwa rasmi mwaka 2012, ukitolewa katika Iringa. Katika sensa ya 2022 ulikuwa na watu wanaokaribia laki tisa. Ni mkoa unaolima, unaopanda miti, unaofuga na kuuza. Hautafuti msaada. Unatafuta kuisikia bei kabla ya kuuza.

Nimalizie kwa kumfikiria karani mmoja wa ushirika wa wakulima wa chai, katika kijiji chochote cha kule milimani. Amekaa na simu yake dirishani, mahali pale pekee ambapo mtandao hushika. Anangoja namba ya malipo. Nje wakulima wamekaa kwenye majani, kimya, kama wanaongoja majibu ya mgonjwa. Mwanga unapita Makambako kwa kasi ambayo akili haiwezi kuishika, unakwenda Lusaka na kurudi kabla karani hajapepesa jicho. Hana ugomvi nao. Anachotaka ni ukate kona mara moja, ufike na kwake.